Kipochi cha Mkono Mmoja

Wale wanaosema kushona kunatuliza moyo wasinisogelee. Mimi nilianza kukata viraka kwa hasira, nikaendelea kwa hasira, na mpaka leo nikiona mkasi wa kitambaa mishipa ya kichwa inanicheza. Na wala sishoni. Kazi yangu ni kuandaa: kukata mabaki ya vitambaa vipande vya kiasi cha kiganja, kutia uzi kwenye sindano, kufunga kila kitu ndani ya kipochi cha kubebeka, na kukabidhi. Anayeshona ni mama yangu, na mama yangu ana mkono mmoja.

Anayo miwili, alhamdulillahi, lakini wa kushoto ni wa mashine. Figo zake zimekufa, na kila baada ya siku moja nampeleka kusafishwa damu katika kituo kilichopo hapa Bawshar, Omani. Madaktari walimuunganisha mishipa kwenye mkono wa kushoto. Hapo ndipo zinapoingia sindano, na muda wote damu inapotoka na kurudi mkono ule hautakiwi kutikisika. Anakaa kwenye kiti kikubwa cha kulalia, mkono umenyooshwa juu ya mto, mashine inalialia upande wake wa kushoto, na yeye anatazama dari asubuhi nzima.

Au ndivyo ilivyotakiwa. Mama alikuwa hamalizi. Kazi ikifika katikati, anaanza: "Nitoeni, nshachoka, khalas." Nesi anambembeleza, kisha ananipigia simu kazini, nami naacha mkutano na kwenda kupokea simu kwenye korido kama mtoto aliyefanya kosa. Mgonjwa mwenye akili zake timamu hafungwi kamba kitini. Akitaka kutolewa anatolewa. Anarudi nyumbani Ansab uso umemkunjuka, kama mwanafunzi aliyetoroka chuoni, na maji ambayo mashine ilikuwa iyatoe yamebaki mwilini mwake. Yanaanzia miguuni, halafu yanapanda kifuani.

Mchana mmoja alikaa sebuleni akashindwa kumaliza sentensi, pumzi inakatika kila baada ya neno. Tulimkimbiza hospitali. Daktari alinitoa nje akaniambia waziwazi kwamba akiendelea kukatiza namna hii hataumaliza mwaka. Nilimwambia mama maneno hayo kwenye gari tulipokuwa tunarudi. Aliniuliza kama nyumbani vitunguu vipo.

Basi nikajaribu kila kitu. Nilimwekea Kurani kwenye simu, akasema msomaji ana haraka kama anayewahi basi. Nikamwekea tamthilia, akasema wale wanawake hawana haya na waume zao hawana akili. Nikampa tasbihi mpya, akaimaliza mara kadhaa, kisha akamwita nesi. "Mungu kashanisikia," alisema. "Sasa nitoeni."

Tatizo, nilikuja kulitambua, lilikuwa mikono. Mama yangu hajawahi kukaa na mikono mitupu. Katika ukoo wetu hajazaliwa mtoto, Unguja wala hapa, asiyepata kwake mfarishi wa viraka: mabaki ya kanga, mabaki ya magauni ya harusi, pazia lililochanika, vyote vimeunganishwa, vikatiwa pamba katikati na bitana nyuma, vikapigwa bandi kwa mkono mstari kwa mstari. Tangu mashine ilipoingia maishani mwake aliacha kushona. Hakuacha kukusanya. Kila jamaa akishonesha nguo anamletea mama mabaki, na mama hatupi hata uzi wa sindano, sembuse kitambaa. Mifuko ilikuwa chini ya kitanda changu, juu ya kabati langu, ndani ya kabati la choo cha wageni. Nyumba yangu ina ghorofa na sina pa kuweka pasi.

Nikasema, mbona rahisi? Vitambaa vipo, mikono haina kazi, kiti kipo. Nitampelekea ushoni kitini.

Kipochi cha kwanza nilikitengeneza kwa moyo mweupe. Nilikata viraka, nikaweka uzi wa kudarizia wa rangi nzuri nzuri, kimkasi kidogo, na sindano. Nesi alikifungua, akaona sindano, akakifunga. "Sindano haziruhusiwi," alisema, kwa Kiarabu chake cha kujifunza kazini. Nilimtazama. Mkononi mwake mwenyewe alikuwa ameshika sindano mbili nene kama za kushonea magunia, anakwenda kumchoma nazo mama yangu. Niliyasema hayo, na sikuyasema kwa upole. Akanieleza kwamba wagonjwa wanapewa dawa ya kuzuia damu isigande, hivyo mtu akijichoma kidole hata kidogo, damu haikatiki upesi. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tulikubaliana baada ya mabishano yaliyonichosha kuliko kazi yangu ya ofisini. Mama atavaa subana kidoleni, tena si moja. Sindano ziwe butu, na zihesabiwe zikiingia na zikitoka. Mkasi hapana kabisa. Kwa hiyo uzi lazima uje umekatwa tayari, na sindano zije zimetiwa uzi tayari, kwa sababu hata hivyo nani anaweza kutia uzi kwa mkono mmoja? Zote nikazichomeka kwenye kipande cha sponji, nikafurahi, nikamkabidhi.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mtoto wa miaka saba angelijua. Kushona kunataka mkono wa kushona na mkono wa kushika. Kitambaa kilikimbia. Akikichoma kinasogea, akikivuta uzi kinamfuata kizima kizima mpaka puani. Nikanunua duara la mbao la kudarizia, nikalibana kwa vibanio kwenye ile meza ndogo ya kulia chakula kitini. Meza ikawa inayumba. Mama akapiga mishono mitatu, akaitazama kama anayetazama mchuzi wa mkwe asiyejua kupika, akalisukuma duara.

"Huu si ushoni," alisema. "Huu ni uchokozi. Nitoeni."

Siku ile nililia kwenye gari, na sikulia kwa huruma. Nililia kwa sababu nilikuwa nimetia uzi kwenye sindano zile zote nikiwa kwenye foleni ya magari, na vidole vyangu vilikuwa vimechoka.

Aliyetuokoa hakuwa mtu niliyemtarajia, na mama hakumtaka. Walibadilisha mpangilio wa viti, na upande wa kulia wa mama akawekwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, Mwomani kama sisi, lakini wazee wake walikuwa wafanyabiashara huko bara, ndani kabisa, kwenye maziwa makuu. Alizaliwa na kukulia huko. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha kwenda moja kwa moja bila kupiga hodi. Mama alimsikia anasalimia nesi mara moja tu, akanigeukia. "Wa bara," alisema, kwa sauti ambayo alidhani ni ya kunong'ona.

Sasa, yule mama mishipa yake ilikuwa imeunganishwa mkono wa kulia. Mashine yake ilikaa kulia kwake, na ya mama ilikaa kushoto kwake, na katikati ya viti vyao pakawa hapana kitu ila meza ndogo. Mama ana mkono wa kulia, mwenzake ana wa kushoto, na mikono hiyo miwili inaelekeana. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nikihangaika na vibanio vyangu na sikuliona. Madaktari hawakuliona. Yule mama alitazama mahangaiko yetu kwa muda, akapeleka mkono wake, akalishika duara la mbao kwa nguvu.

"Shona," alisema.

Mama akamtazama.

"Shona, dada. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mie sina chawa," mama alisema. Lakini alishona.

Asubuhi ile hakuita nesi. Nilikaa kazini na simu juu ya meza, naitazama, hailii. Nilipokwenda kumchukua niliwakuta wanagombana. Mwenzake anasema ua jekundu halikai juu ya kitambaa cha zambarau, mama anasema watu wa bara rangi wamezijulia wapi, mwenzake anasema Wazanzibari wanajua rangi ya urojo tu. Mama alikuwa anacheka. Mashine zilikuwa zimekwisha kazi zake, zote mbili, na hakuna aliyeuliza saa.

Mtu angedhani hapo shida zangu ziliisha. Ndipo zilipoanza. Sasa walikuwa wawili, kazi inakwenda haraka, na kipochi kimoja hakitoshi. Mmoja anashona mwingine anashika, halafu wanabadilishana, na yule mama akishona kwa mkono wake wa kushoto, ambao si mkono wake, mishono inakwenda kama kuku aliyekunywa pombe, na mama anaifumua yote halafu ananiambia mimi nilete uzi mwingine. Nikarudi kazini na nyuzi kwenye abaya. Nikakata viraka wakati wa chai. Mwenzangu wa ofisini akaniuliza kama nimefungua duka.

Na hakuna siku kipochi kilikuwa sawa. Viraka vimekatwa upande. Uzi mfupi, "unanikatia uzi kama unakata kucha?" Uzi mrefu, unafungamana. Umeniwekea bluu tupu, tumefiwa na nani? Nilimkumbusha kwamba mimi nina digrii, nina watoto wanaosoma na mume anayekula, na sikuzaliwa niwe msaidizi wa fundi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Kesho uweke na kijani," alisema.

Lakini anamaliza. Kila safari anamaliza. Miguu yake ilirudi kuwa miguu, viatu vyake vya zamani vikaingia, na daktari akaniuliza tumefanya nini. Nilimwambia tunashona mfarishi. Akaandika kitu, sijui kama aliandika hilo.

Halafu mume wa yule mama akafariki, ghafla, wakati wa kutawadha.

Tulipeleka salamu za rambirambi, na mama alisikitika kwa dhati. Alikuwa yeye mwenyewe mjane, amekaa eda ya baba yangu, anajua uzito wake. Mjane wa kwetu akikaa eda anajifungia ndani. Nguo zake hazina rangi wala mapambo, hagusi manukato, hagusi udi, wala hatoki nje ila kwa dharura. Mashine ya damu ni dharura ikiwa kitu chochote duniani ni dharura. Kila sheikh atakwambia hivyo, na mtu hahitaji hata kumuuliza sheikh. Kwa hiyo tulitegemea atakuja. Hakuja. Na siku yake iliyofuata hakuja.

Kitini mwake wakaweka mgonjwa mwingine, mwanamke anayelala tangu anapofungwa mpaka anapofunguliwa, mdomo wazi. Mama alimtazama mara moja. "Nitoeni," alisema. Simu yangu ikaanza kulia tena.

Nilimfokea siku ile, ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Nilimwambia kwamba ananiua. Nilimwambia mashine haijali kama shoga yake yupo au hayupo, maji yanajaa tu. Nilimwambia hotuba yangu yote, ile ambayo nilikuwa nimeshamwambia mara nyingi: kwamba mwili ni amana, kwamba anayekataa dawa hajitesi peke yake, kwamba kuchoka si hoja, sote tumechoka. Alikuwa anatazama nje, milima ya Bawshar imepauka kwa jua.

"Yule hayuko kwenye eda," alisema baadaye. "Yule kataka kufa. Nipeleke."

Na hatuwezi kwenda mikono mitupu, alisema. Tutampelekea kipochi. Lakini kipochi cha rangi hakifai kwa mtu wa eda. Kila kitu kiwe cheupe: viraka vyeupe, uzi mweupe, darizi nyeupe juu ya nyeupe. Nilimwambia sheria inazungumzia kuvaa, haizungumzii kushika. "Wewe umekuwa sheikh lini?" aliniuliza.

Haya. Nilifungua mifuko yote ya nyumba ile, ya chini ya kitanda na ya chooni, na nakuapia, katika mabaki ya vitambaa ya ukoo mzima hamkuwa na cheupe cha kutosha. Sisi ni watu wa maua. Nikaenda kwa fundi anayeshona kanzu za mume wangu, nikamwomba mabaki. Alinipa mfuko mkubwa kwa furaha ya mtu anayeondolewa takataka. Nilipofika nyumbani na kuumwaga sebuleni, nusu yake ilikuwa rangi ya maziwa, na kuna kahawia na kijivu, kwa sababu wanaume wa siku hizi nao wamejua mitindo. Tukaanza kubishana kama rangi ya maziwa ni rangi. Mama alikipeleka kila kipande dirishani. Mpaka adhuhuri tulikuwa na mirundo mitatu: nyeupe, si nyeupe, na "hebu niache kwanza nikifikirie".

Nilikata, nilipiga pasi, nilitia uzi. Nilitengeneza kipochi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu angalia nilichokifanya mwishoni. Mwanamke wa kwetu hatoi kitu nyumbani kwake kwenda kwa mtu bila kukifukiza. Mikono yangu ilifanya yenyewe. Nilitia mkaa kwenye chetezo, nikadondosha udi mzuri, ule wa wageni, nikavifukiza vile viraka mpaka vikanukia kama chumba cha bwana harusi. Nikavifunga, nikamletea mama.

Alikifungua. Akakinusa. Nilimwona anafumba macho.

"Unampelekea mtu wa eda udi," alisema taratibu, kama anayemsomea mtu mashtaka. "Katika vitu vyote alivyoviumba Mungu."

Ningeweza kujitetea. Nilikaa chini sakafuni nikacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyefika kooni. Tukafua kila kitu. Uzi uliolowa haupiti tena vizuri kwenye kitambaa, kwa hiyo nyuzi zote nikazichomoa nikaanza upya. Viraka nikavianika juani, vikakauka, mama akavinusa, akasema bado, nikavifua tena kwa sabuni ya unga, nikavianika tena. Na muda wote huo nilikuwa najua kwamba yule mama yuko nyumbani kwake na mwili unajaa, na sisi tunapigana na harufu. Nilisema twende tu, jamani, twende na maneno matupu. Mama alikataa. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilimpikia chai bila kumuuliza, nikaiweka mezani kwa kishindo, akainywa.

Tukaenda hivyo hivyo mpaka nyumbani kwao. Binti yake alitufungulia mlango, macho yamevimba. Alitwambia mama yake hataki kusikia. Amembembeleza, kaka zake wamembembeleza, imamu wa msikiti ametuma ujumbe kwamba hakuna ubaya kutoka. Anasema mtu wa eda hatoki. Anajibu hivyo tu.

Alikuwa chumbani, juu ya godoro, kajiegemeza kwenye mito kwa sababu alikuwa hawezi tena kulala chali. Nguo yake nyeupe, kichwa kimefungwa cheupe. Uso ulikuwa umemvimba mpaka nikamtambua kwa sauti tu. Miguu yake niliitazama mara moja nikaondoa macho. Nilikuwa nimeiona miguu ile kwa mama yangu.

Mama alikaa chini kando yake kwa tabu, magoti yake hayamsaidii. Hakumpa pole tena. Alianza kusema.

"Mwili ni amana," alisema. "Si wako. Anayekataa dawa hajitesi peke yake, anawatesa na wanawe. Kuchoka si hoja. Sote tushachoka."

Nilisimama mlangoni mdomo wazi. Neno kwa neno. Hata kile kidole changu cha kunyooshea alikitumia. Mwanamke aliyenitoa kwenye mikutano, aliyeniuliza habari za vitunguu, anamhubiria mwenzake hotuba yangu kama vile imemshukia yeye. Ipo methali ya nyani na kundule, lakini huyu ni mama yangu, nikaimeza. Iliniwasha koo mpaka jioni.

"Mimi nimechoka, dada," yule mama alisema. Alivuta pumzi baada ya kila neno. "Mzee alikuwa ananingojea nje ya ile hospitali. Kila siku. Anakaa kwenye gari na redio yake. Sasa nitoke nikamkute nani?"

Hotuba yangu ilikuwa imefika mwisho. Hata mimi hasira ilinitoka nikabaki nimesimama tu. Binti alikuwa analia kwenye korido.

Mama akafungua kipochi, akatoa kiraka kimoja cheupe na sindano yenye uzi mweupe. Akajaribu kukishona pale pale, kwa mkono wa kulia peke yake, ule wa kushoto ameulaza mapajani kama yuko kitini. Alikuwa hana haja, mkono ule siku ile ulikuwa huru. Kitambaa kikakimbia. Akajaribu tena, kikakimbia.

"Unaona?" alisema. Sauti yake haikuwa nzuri. "Nna mkono mmoja tu mie. Wa pili unao wewe. Ukenda nao, nami n'takwenda, na huyu mtoto wangu atabaki na mifuko yake ya matambara, na ana hasira, hatokusamehe."

Yule mama alitazama kitambaa. Halafu alinitazama mimi, na sijui aliona nini usoni kwangu, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kukipanga. Akamwita binti yake amletee abaya.

Tulimpeleka moja kwa moja, mchana uleule. Walimfunga kwenye mashine wakiwa na wasiwasi, wakamweka chini ya uangalizi, na mama hakuruhusiwa kukaa karibu naye. Lakini siku yao iliyofuata nesi yule yule wa sindano alimhamisha mwanamke anayelala, akawarudishia viti vyao bila kuombwa. Nilimsamehe mengi kwa hilo.

Nilikwenda kumchukua mama muda wake ulipokwisha. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa mara nyingine, bosi wangu amenitazama kwa mtazamo ule, na gari nililiegesha juani. Nilimkuta kashafunguliwa, bandeji mkononi, abaya begani. Hakuwa tayari kuondoka. Mwenzake alikuwa amefungwa baadaye na bado ana safari. Mama amekivuta kiti cha wageni, ameshika duara la mbao, na yule mama anashona kwa mkono wake wa kushoto, nyeupe juu ya nyeupe, mishono imepinda yote. Mama aliitazama mishono ile na hakufumua hata mmoja.

"Mama, nimeegesha juani."

"Subiri."

"Mama, nina kazi."

Yule mama akaiacha sindano. Alikuwa kijivu usoni. "Dada, waambie wanitoe," alisema. "Kwa leo inatosha. Nenda na mwanao."

Mama hakuliachia duara. Nesi alikuwa ameshageuka kutazama, na mama akamtikisia kichwa: hapana.

"Mie sina pa kwenda," alisema. "N'takaa hapa hapa. Na ukitoka, nje n'tatoka na wewe, n'takungojea kwenye gari la huyu mtoto, na redio n'tafungua."

Yule mama alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa wa mashine na wa pili hakuunyanyua kuyafuta. Halafu vidole vyake vilianza kupapasa mezani, vinaitafuta sindano. Uzi ulikuwa umechomoka.

"Na wewe unasimama nini?" mama aliniambia. "Mtilie uzi mwenzio."

Nikakaa kwenye ukingo wa kiti kitupu cha mama, nikachukua sindano na uzi mweupe. Nilijaribu, nikakosa. Nikaulowesha uzi kwa ulimi, nikajaribu tena, na tundu la sindano silioni kabisa, kila kitu mbele yangu kilikuwa maji. Mama alinitazama nikihangaika, akaona ni uzee umenifikia, akatoa mlio wa kuchoshwa na mimi, akavua miwani yake kwa mkono ule wa bandeji na kunipa.